Nimekagua Mwenyewe

Loresho,
2 Septemba 2025

Kwa ndugu yangu Waithaka,

Salamu. Mwau ameniambia uko mzima ila umekonda, na kwamba siku hizi unagombana na mashine kana kwamba zina masikio. Kula, bwana.

Najua hupendi kuandika. Mimi pia sipendi, lakini Mama alitukataza simu siku ile tulipopayukiana mpaka binti yangu Janice akalia. "Andikianeni," alisema, "labda hasira itachoka kabla ya kalamu." Ndiyo maana barua zetu zinasafiri kwa gari la dobi, ndani ya mfuko wa shuka za geshti, nyumba ya wageni ya hapa Loresho, na Mwau dereva anajiona posta nzima. Leo sina hasira. Nina wasiwasi.

Ofisi ya majitaka imeniandikia. Alhamisi iliyopita, tarehe 28 Agosti, mfanyakazi wa kontrakta anayezibua mifereji ya Parklands aliingia kwenye chemba ya kichochoroni nyuma ya dobi letu, lile shimo lenye mfuniko wa chuma. Maji ya moto yakamshukia miguuni. Yuko hospitali. Wanauliza kama maji hayo yalitoka kwetu.

Yatatokaje kwetu? Baba hakujenga tangi la kupoza kwa urembo. Maji ya kufulia shuka za hospitali yakitoka mashinini yanakaa mle mpaka yapoe, ndipo yaingie kwenye mfereji wa watu wote. Hilo ndilo sharti la kibali chetu. Kila miezi mitatu mimi ndiye ninayejaza fomu na kutia sahihi chini ya maneno "Nimekagua mwenyewe." Tangu Baba afariki nimejaza saba. Najua sijakanyaga hapo Parklands tangu mazishi, usianze. Tangi la simiti haliendi matembezi.

Majibu nimeyaandika, yamo kwenye bahasha hii. Wewe kama meneja tia sahihi kando ya yangu, umpe Mwau kesho.

Dada yako,
Wangu


Parklands,
4 Septemba 2025

Kwa Dada Wangu,

Barua nimepata. Bahasha pia nimepata.

Wiki hii ni ya kukimbizana tu. Mgao wa maji ulikuja Jumatatu kwa saa tatu, boila imegoma mara mbili, na hospitali wanataka shuka mia nne kwa siku kana kwamba wagonjwa wanalalia mbili mbili. Nimekaa chini mara tatu kukuandikia, na mara tatu nimeinuka. Kuna mkanda wa mashine ya pili unaolia. Nikiuendea unanyamaza. Nikirudi mezani unaanza tena.

Kuhusu hiyo karatasi, kwani lazima iende wiki hii? Mtu akiulizwa jambo anaweza kuomba muda. Waambie tunachunguza. Na huyo mtu, wamekutajia jina lake? Ana watoto? Aliungua kiasi gani? Isome tena barua ya ofisi uniandikie maneno yenyewe, usinifupishie.

Sahihi nitatia. Sijasema sitatia. Kalamu nzuri amechukua Maina wa mashine, na hii ya kwangu inavuja.

Nduguyo,
Waithaka


Loresho,
5 Septemba 2025

Waithaka,

Kalamu! Dobi la watu kumi na wanne halina kalamu!

Nimepekua mfuko wa shuka hadi chini nikitafuta ile karatasi, nikapata soksi ya mgeni. Nimechoka kungoja. Leo asubuhi nimeandika nyingine na kuipeleka mjini mwenyewe, kwa sahihi yangu peke yangu, pamoja na nakala za fomu zote saba. Karani alizipanga mezani, akapiga muhuri, akaniambia, "Mathe, vile umejipanga hivi, hii file ni kama imefungwa." Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyepewa cheo.

Huyo mtu anaitwa Mutie Musembi. Ni fundi wa kuzibua mifereji. Mengine sikuambiwa na sikuuliza.

Sasa tulia, utengeneze huo mkanda.

Wangu


Parklands,
11 Septemba 2025

Kwa Dada Wangu,

Nimeenda kumwona. Usipige kelele kwanza, soma hadi mwisho.

Yuko katika hospitali ile ile tunayoifulia. Nimeketi kando ya kitanda ambacho shuka yake nilikuwa nimeikunja siku mbili kabla. Umri wake ni kama wangu. Miguu yote miwili imefungwa bandeji kuanzia magotini. Mkewe Kavutha anauza mboga Kangemi, kwa hivyo hafiki mchana, na wenzake wa kazi waliambiwa na kontrakta wasimkaribie mpaka kesi yake iishe.

Naam, kuna kesi. Mutie alinieleza mwenyewe: "Wanasema nilijimwagia chai. Ati nilikuwa na jiko hapo kando ya chemba nikipika chai. Buda, mimi chai ya kazini sinywi, nitapataje choo nikiwa chini? Nikawaambia ni maji ya watu ilinichoma. Wakaniletea karatasi, ati kuna mtu ametoa ushahidi hakuna maji moto inaingia kwa hiyo laini. Iko na muhuri."

Hiyo karatasi ni yako, Wangu. Ofisi ilimpa kontrakta nakala. Tarehe 2 Oktoba atafikishwa mbele ya kikao. Wakiamua kwamba alijiunguza kwa uzembe na kisha akadanganya, atafukuzwa kazi, na matibabu yake atajijua mwenyewe.

Nilimwambia natoka kanisani, kwamba huwa tunatembelea wagonjwa. Nilikuwa na ndizi na maziwa, akaniamini. Nilipoinuka kwenda alinishika mkono akaniombea. Mimi, Wangu. Aliniombea mimi.

Tafadhali rudi ofisini uichukue ile barua. Sema ulikosea.

Waithaka


Loresho,
12 Septemba 2025

Waithaka,

Niseme nilikosea nini? Unaniomba niende mbele ya karani yule yule nijiite mwongo, na sababu hunipi. Unanipa ndizi na maziwa.

Namhurumia huyo mtu, sikuumbwa kwa jiwe. Lakini huruma si ushahidi. Parklands imejaa majiko, mahoteli na masaluni, kila mtu anamwaga lake. Kwa nini tujitwike sisi?

Nitakuambia ninachofikiri, maana nimezunguka nyumba hii tangu asubuhi nikikifikiri. Nafikiri umepata mnunuzi wa ploti ya dobi. Ulisema siku ya mazishi kwamba mashine zimekuchosha, wala usikatae, shangazi wote walisikia. Kibali kikifutwa, dobi litafungwa, kisha utakuja kwa Mama na uso mrefu, "Mama, hakuna njia, tuuze tu." Na mimi ndiye nitakuwa nimeandika barua ya kulifunga. Hujambo kwa hila!

Nipe sababu moja. Moja tu, na iwe ya kweli.

Wangu


Parklands,
15 Septemba 2025

Dada,

Sababu ni hii. Tangi la Baba halipozi kitu. Limejaa maji safi.

Unakumbuka Januari ya mwaka jana, mgao ulipokuwa mbaya? Mashine zilisimama siku mbili mfululizo. Hospitali wakanipigia, wakasema siku ya tatu shuka zao zinaenda kwa mtu mwingine. Nikatazama uani nikaona tangi kubwa la simiti, nikaona tunalipoteza bure kwa maji machafu. Mimi na Maina tulilimwaga maji, tukalisugua kwa brashi ya waya siku nzima, tukalipaka rangi ndani, tukaunganisha bomba la paa na mpira wa bauza, lile lori la kuuza maji. Maji ya mashine nikayapitisha kwa bomba lingine, moja kwa moja hadi mfereji wa majitaka. Nilisema ni wiki moja tu, mpaka mgao utulie.

Sasa ni miezi ishirini. Hapa mtaani kila mtu anaweka maji katika chochote chenye kitako, na nikajisifu kwamba sisi hatujawahi kukaukiwa. Wageni wakija nawaonyesha. Kweli kabisa, nawaonyesha.

Asubuhi ya tarehe 28 tulifungua mashine tatu kwa mpigo, zikiwa zimetoka tu kuchemka. Nilimsikia mtu akipiga kelele kichochoroni. Nilidhani ni madereva wanagombania mahali pa kuegesha. Nikaendelea kukunja.

Sikukuambia kwa sababu ungesema Baba hangekubali, na ungekuwa umesema kweli. Kila ulipotuma ujumbe kwa Mwau kuuliza, "Tangi liko sawa?" nilijibu liko sawa. Lilikuwa sawa. Halivuji.

Hakuna mnunuzi. Natamani ingekuwa ni habari ya mnunuzi.

Waithaka


Loresho,
22 Septemba 2025

Waithaka,

Umengoja wiki nzima, najua. Mwau ameniambia unamlaki getini na kumwaga mfuko wa shuka chini kabla hajazima injini.

Nilikuja Ijumaa. Ulikuwa umetoka kupeleka mzigo, nikamwambia Maina asikuambie. Akanipeleka uani, akafunua mfuniko, akanichotea maji kwa kikombe akisema, "Onja, Mama Janice, hii ni safi kuliko ya duka." Nikanywa. Nikamrudishia kikombe. Saba, Waithaka. Mara saba nimeandika "Nimekagua mwenyewe" nikiwa hapa mezani, televisheni ikiwaka.

Nilitaka kukuandikia matusi. Nilianza kurasa mbili nikachana. Sababu ya kuchana ni hii, na baada ya kuisoma nadhani utanichukia, na ni haki yako.

Mwezi wa Julai ofisi iliniandikia. Jirani alilalamika kwamba anaona mvuke ukitoka kwenye mfuniko wa chemba nyuma ya dobi letu. Wakasema, tafadhali kagueni tangi lenu, mtujibu. Ilikuwa barua ya adabu, mistari minne. Nikaiweka kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza.

Sikuisahau. Nisingizie hivyo? Sikuisahau hata siku moja. Nilitaka waje wenyewe wakukute na kosa, chochote kile, ili Mama aone mtoto aliyekabidhiwa dobi ni wa namna gani. Nilikuwa na wivu. Baba alinipa karatasi akakupa mashine, na mimi nilizipenda zile mashine tangu nikiwa darasa la nne. Nikakaa hapa nikingoja uanguke. Aliyeanguka ni mtu mwingine, shimoni.

Ningekutumia ile barua Julai, Mutie angekuwa na miguu mizima. Nimelipigia hesabu hilo kila upande na jibu ni lile lile.

Ile barua ya Julai hii hapa. Isome.

Wangu


Parklands,
25 Septemba 2025

Kwa Dada Wangu,

Nimeisoma. Nilikasirika, nikatoka nje, nikalizunguka dobi mara mbili, nikarudi. Sina nafasi ya kukuchukia wiki hii. Tutalifikia siku nyingine, na nadhani tutapayuka.

Jana nilimwambia Mutie. Sikubeba kitu. Nilisimama miguuni pa kitanda nikasema yote bila kupumua: dobi, tangi, bomba, mashine tatu. Nikasema mimi si wa kanisa lolote, ni Waithaka mwenye yale maji.

Hakushangaa. Akasema, "Nilijua. Siku ya kwanza uliingia hapa nilijua. Ile maji ilinichoma ilikuwa inanukia vile wewe unanukia, hiyo sabuni na hiyo dawa ya kufanya shuka ikuwe nyeupe. Nilikuwa nangoja tu useme. Umekuja mara nne."

Nikamuuliza mbona hakusema. Akageuza uso akatazama ukuta. "Ningesema ungekataa. Halafu hungerudi. Na hakuna mtu mwingine alikuwa anakuja."

Wangu, nimeshindwa kula tangu hapo.

Anachotaka ni kitu kimoja. Kikao ni Alhamisi ijayo. Hataki pesa yetu, nilipoitaja alinitazama kwa namna ambayo sitaitaja tena. Anataka karatasi yenye muhuri, iliyotoka kwa mtu yule yule aliyetoa ile ya kwanza, iseme maji ya moto yalikuwa yakitoka kwetu kabla ya tarehe 28 Agosti. Tarehe ndiyo muhimu. Bila tarehe watasema tangi liliharibika juzi.

Unajua maana yake. Mwenye kuondoa sahihi yake anaondoa na kibali. Leo nimezima mashine za maji ya moto, nimewaambia hospitali, nao wamesema watatafuta mtu mwingine. Watu kumi na wanne wamesimama uani wananitazama. Maina ameanza kuzifunika mashine.

Sahihi ni yako. Siwezi kukutilia.

Waithaka


Loresho,
1 Oktoba 2025

Waithaka,

Nimetoka mjini sasa hivi, bado nina viatu miguuni.

Karani alikuwa yule yule. Nilimwambia nimekuja kuondoa barua yangu na kutoa nyingine. Akafunga mlango. Ni kijana mzuri, sitaki umfikirie vibaya. Nilipomaliza kumweleza aliinama akasema polepole, "Mathe, nisikize. Andika tangi iliharibika hii mwezi, September. Mnapewa notisi ya siku thelathini mrekebishe, kibali inabaki, dobi inabaki. Hiyo story ya Mutie itajisort." Akanisogezea karatasi na kalamu.

Nitakuambia ukweli maana uongo umenichosha. Niliandika Septemba. Neno zima, herufi zote, kwa mwandiko wangu mzuri. Niliwaona wale watu kumi na wanne, nikamwona Baba amesimama kati ya mashine na kikoti chake cha kijivu. Nikasema moyoni, huyu Mutie ni mmoja.

Halafu nikafikiria kesho, saa nne, amekaa mbele ya hao watu kwenye kiti cha magurudumu, na karatasi yangu ya pili inasomwa. Ya kwanza nilisaini bila kujua. Hii ningekuwa najua.

Nikaomba karatasi nyingine. Karani akasema, "Una uhakika?" Nikasema hapana, lakini nipe.

Nimeandika hivi: tangi halijapoza maji tangu Januari 2024. Fomu zote saba nilizijaza nyumbani kwangu, sikukagua hata mara moja. Ofisi ilinionya Julai, sikujibu. Maji yaliyomuunguza Mutie Musembi tarehe 28 Agosti yalitoka kwetu. Nimetia sahihi, amepiga muhuri, nakala moja nimeipeleka kwa kontrakta kwa mikono yangu na kungoja mpaka wakaniandikia kwamba wameipokea.

Kibali kimefutwa. Huenda mimi nikaitwa mahakamani, karani anasema ni karibu hakika. Nilipofika chini ya ngazi nilimwomba askari wa mlangoni kiti.

Waambie wafanyakazi mwenyewe, usimtume Mwau. Mimi nitamwambia Mama.

Wangu


Kangemi,
14 Oktoba 2025

Kwa Mama Janice,

Pokea salamu. Hatujaonana, lakini Waithaka aliniambia nyinyi huwa mnaandikiana, kwa hivyo nimempa Mwau hii barua. Nimetoka hospitali wiki jana. Niko kwa nyumba, kitanda kiko karibu na mlango, naona watu wakipita.

Kikao kilikaa. Barua yako ilisomwa yote, kwa sauti. Yule msimamizi aliyesema habari ya chai alikuwa anaangalia simu yake, na ilipofika kwa ile Januari akaiweka chini. Wakaniomba msamaha kwa mdomo. Kazi yangu iko, nitarudi nikipona, na matibabu wanalipa. Kavutha alilia nyumba ikajaa majirani.

Nimesikia dobi limefungwa. Maina alikuja kuniona. Alikaa kidogo akaenda. Hana kazi sasa. Sikufanya makosa, lakini nilijisikia vibaya.

Sasa nikuambie kile kimenifanya niandike. Watu wa kanisa letu wanataka niseme nimewasamehe, wewe na ndugu yako. Pasta amekuja mara mbili. Sijawasamehe. Naamka nikihisi hayo maji. Siku ile nitaweza, nitasema mwenyewe, na ikikosa kufika pia nitasema.

Lakini tangu kikao Waithaka hajakuja. Naona ni kama anafikiri kazi yake imeisha, ama anaogopa. Kila Jumatano natolewa bandeji, na ngozi inashikana nayo, na Kavutha hawezi kuangalia. Nikiwa hospitali ni Waithaka alikuwa ananishika mabega wakitoa.

Mwambie kesho ni Jumatano. Mwambie bado nina hasira na yeye, na aje mapema.

Ni mimi,
Mutie Musembi